Siku Niliposomewa Wosia Wangu Mwenyewe

Nianze kwa kukiri kabisa, ili mnicheke mapema tumalize: mimi mtu mzima mwenye wajukuu watatu, fundi cherehani ninayeheshimika hapa Nyaishozi, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu, nimewahi kukaa kwenye mkeka nyuma ya watu, kichwa nimekigubika kitenge, nikisikiliza wosia wangu ukisomwa kwa sauti kubwa uani kwangu, huku sato wawili wakinidondoshea maji miguuni kutoka kwenye mfuko. Sikuwa nimekufa. Sikuwa hata na mafua. Na msidhani nilishindwa kusimama niseme nipo. Niliweza, ila nilitaka kusikia kwanza, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Mambo yalianza parokiani, kwenye semina ya akina mama. Alikuja wakili mmoja, binti mdogo kutoka Bukoba, anaongea taratibu, akatuambia wosia si uchuro, mtu anaandika akiwa mzima anakula anashiba, tena kama ana mali yake mwenyewe si lazima yote iende kwa watoto, anaweza kutenga kitu kwa ajili ya shule, au zahanati, au yatima, ili hata akiondoka mkono wake uendelee kusaidia. Akasema tafuteni mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mwingine mtu baki. Wenzangu walikuwa wanasinzia (tulishakula pilau), lakini mimi lile neno liliniingia mpaka kwenye mifupa.

Kwa sababu mali yangu mwenyewe ninayo. Pembeni ya zahanati ya kijiji chetu nina kipande cha shamba chenye mibuni kumi na minne na mparachichi mmoja, nilikinunua kwa kushona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu. Si kibanja cha ukoo wa baba yangu, wala si cha ukoo wa mume wangu Projestus, maana hivyo vya ukoo huku kwetu mnajua wenyewe, ukivigusa tu unaitiwa kikao. Hiki ni changu. Nikaamua nikifa kiende kwa zahanati, ijengwe nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua, wale wanaotoka mbali, ili siku zikikaribia waje walale hapo hapo, uchungu usiwakute njiani.

Nyumba hiyo nilitaka ibebe jina la dada yangu mkubwa, Verdiana, aliyeolewa Nkwenda kule Kyerwa. Dada ndiye aliyenilea. Mimba yake ya kwanza uchungu ulimkamata tukiwa njiani kwa miguu kwenda hospitali, yeye na mama mkwe wake na mimi niliyekuwa nimemaliza darasa la sita, na mtoto alizaliwa pembeni ya barabara kwenye majani, akapumua kidogo, akaacha. Tulirudi nyumbani. Baadaye Mungu alimpa Dada watoto wengine watano, wote wazima, lakini la siku ile hatujawahi kulisema, mimi na yeye, kwa zaidi ya miaka arobaini. Kila nikipita pale nageuza uso.

Sasa mniambie, jambo kama hilo unalianzaje? Mimi nililianza kwa kuandika. Nikachukua daftari la mistari, nikaandika WOSIA WANGU kwa herufi kubwa, nikalificha kwenye mtoto wa meza ya cherehani chini ya vifungo na mikasi. Projestus sikumwambia, kwa sababu vijana wetu wawili walishazoea kusema "kile kiwanja chetu cha zahanati", nikaogopa atanikatalia, na akikataa yeye basi limekwisha, maana ni mtu mpole na mtu mpole akikataa huwezi hata kugombana naye. Dada sikumwambia kwa sababu sikuwa na mdomo wa kumwambia. Nilijidai kwamba akija tu kama shahidi wa ukoo, atasaini, na yale ya ndani atayajua mimi nikiwa nimeshalala zangu kaburini.

Ijumaa jioni nikampigia simu. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo wakili wa Bukoba hakunionya, kwa sababu yeye si Mnyambo. Simu ilikuwa na chaji ya kubembeleza, na mimi na Dada tukiongea hatukai kwenye Kiswahili, tunarudi nyumbani, na kwa Kinyambo chetu kuandika wosia ni *okuraga*. Tatizo ni kwamba kuaga nako ni *okuraga*. Wazee wetu hawakuona haja ya maneno mawili, kwa sababu zamani mtu alikuwa hausii mpaka awe amelala hoi, watoto wamemzunguka, anasema ng'ombe huyu wa fulani, mgomba ule wa fulani, halafu anakata roho. Kuusia ndiko kuaga kwenyewe.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti yako iko mbali hivyo?"

"Simu inazima. Dada, kesho njoo. *Ninyenda kuraga*, na nataka wewe uwepo."

"Waitu! Waitu, Leokadia!"

Simu ikazimika. Na mimi, niliyemaanisha nataka kuandika wosia, kwa akili zangu hizi nikadhani amefurahi.

Asubuhi ya Jumamosi simu nikaiacha kwa kinyozi ichajiwe, nikaenda zangu gulioni kumtafutia mgeni wangu samaki. Projestus alikuwa shambani anaweka miega ya kushikilia migomba iliyoelemewa, sikumuaga (na hilo neno sasa hivi hata kulitamka naogopa), nikajua nitarudi kabla hajanawa mikono. Gari la samaki likachelewa. Nikasubiri, nikapiga soga, nikanunua na vitunguu, nikabishana na muuza nyanya, mpaka saa nane mchana ndipo nikapanda bodaboda na sato wangu wawili.

Tulipokaribia nyumbani nikaona pikapu, ile ya kubebea ndizi, imeegeshwa kwenye njia yangu. Nyuma yake baiskeli, pikipiki, watu. Mikungu ya ndizi imepangwa ukutani. Na wanawake wamekaa kwenye mikeka uani, wamejifunga kanga viunoni, kimya. Mtu wa huku haulizi kuna nini akiona vile. Na nyumbani nilimwacha mtu mmoja tu, Projestus, juu ya ngazi, na mwega mkononi. Nikajua ameanguka. Nikamwambia yule wa bodaboda anishushe hapo hapo, nikakata kupitia migombani kwa nyuma, nalia kimya kimya, nikajifunika kitenge usoni, nikaibukia nyuma ya watu nikakaa kwenye mkeka wa mwisho pembeni ya mama mmoja nisiyemjua, mnene, mwenye uso wa huruma.

"Pole, mama," akaninong'oneza, akanisogezea nafasi. "Wewe ni wa hapa hapa?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni nani?"

"Ni mwenye nyumba. Leokadia, fundi. Jana kamuaga dada yake kwa simu, leo tumekuja kutoka Nkwenda hatumkuti, hajulikani aliko. Wamemfuata hospitali na pikipiki. Kwa kweli hatuna matumaini."

Nikainua kitenge kidogo. Mbele, kwenye kigoda, amekaa Projestus wangu, mzima, matope mpaka magotini, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Niwaambie ukweli, nilifurahi kumwona hai mpaka nikasahau kwamba anayeliliwa ni mimi. Pembeni yake Dada Verdiana, macho yamevimba. Na katikati amesimama katekista wetu, Deogratias, mtu mwenye sauti ya kufika kijiji cha pili bila spika, ameshika daftari. Daftari langu.

(Niliambiwa baadaye ilivyokuwa. Projestus alikwenda kwenye meza ya cherehani kutafuta kadi yangu ya bima, ili huko hospitali wasisumbuke, akakutana na WOSIA WANGU. Akampa katekista, akasema, "Soma, labda ameandika anakokwenda." Kwa hiyo walikuwa hawanirithi, jamani. Walikuwa wananitafuta.)

Pale pale ilinipasa nisimame niseme, "Jamani, nipo, nilifuata samaki." Lakini katekista alishafungua mdomo, na mtu ni nani asiyetaka kujua watu watamsemaje? Nikakaa. Nikajivutia kitenge usoni.

"Mimi Leokadia, mke wa Projestus," akasoma, "nikiwa na akili zangu zote na afya yote isipokuwa goti la kushoto, nasema haya. Cherehani yangu apewe binti yangu Edina, asiikopeshe mtu."

Wanawake wakaitikia kwa miguno ya huzuni. Nikaona inakwenda vizuri. Nikaanza hata kujililia mwenyewe.

"Vitenge vyangu wagawane akina mama wa jumuiya, lakini wifi yangu Jeneroza asipewe hata kimoja, kwa sababu aliazima sufuria yangu kubwa siku ya kipaimara cha mwanawe, na mwanawe sasa ana watoto wawili."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kwamba niliandika hivyo, ilikuwa siku nimekasirika, nikasema nitafuta baadaye. Jeneroza, ambaye ni dada wa mume wangu na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amekaa mstari wa mbele, ndiye aliyekuwa analia kuliko wote, akaacha kulia ghafla. Na macho ya wote yakaenda kwenye ile sufuria, jikoni kwangu, inachemka ndizi za wageni. Maskini alikuwa ameirudisha asubuhi ile ile, kwa machozi, ili itumike kwenye msiba wangu. Yule mama mnene akaniegemea, akasema, "Kumbe huyo Leokadia alikuwa na kisirani." Nikasema, "Kidogo."

Katekista angekuwa na busara angeruka kurasa. Lakini yeye akishaanza kusoma anasoma mpaka Amina.

"Projestus asioe kabla ya mwaka kwisha, na akioa asimuoe yule wa duka la pembejeo. Asiachwe ale peke yake. Akiwa peke yake anasema ameshiba, na ni uongo. Ni mume mwema, sijawahi kumwambia kwa sababu angevimba kichwa."

Mume wangu akaweka kofia usoni. Mabega yakawa yanamtikisika, na mimi ambaye nimeishi naye miaka thelathini na mitano sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nikataka kwenda kumshika. Nikaanza hata kuinuka, mfuko wa samaki ukatoa mlio, nikarudi chini, kwa sababu nilijua kinachofuata. Nilitamani katekista apaliwe, mvua inyeshe, kuku aingie katikati, chochote.

"Kipande changu cha shamba pembeni ya zahanati, nilichokinunua mwenyewe kwa kazi ya mikono yangu, nakitoa kwa zahanati. Ijengwe nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua. Iitwe kwa jina la dada yangu Verdiana, aliyejifungulia njiani, mtoto wake asiye na jina akafia kwenye kanga. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika hiyo kanga. Nilimwahidi tutafika, na hatukufika."

Katekista mwenyewe sauti ilimshuka, akafunga daftari kidole chake kikiwa ndani. Akamgeukia Projestus, kwa adabu, akamuuliza, "Mzee, hili la shamba mnalisemaje?"

Ndilo swali nililolikimbia miezi yote ile. Kama Projestus angesema watoto kwanza, nani angembishia, siku kama ile, mbele ya ukoo wote? Aliitoa kofia usoni.

"Shamba ni lake," akasema. "Alilinunua akishona na taa. Aliyetaka kulitoa ni yeye, mimi nani nikatae? Ila angeniambia. Mimi ningemkataza kitu gani, mimi, kwa miaka yote hii?"

Hilo lilinichoma kuliko lingine lolote, maana ni kweli, hajawahi kunikataza kitu, na mimi nilimficha kana kwamba ni mtu wa kufichwa.

Kisha Dada akasimama. Dada si mtu wa kusimama mbele za watu, hata harusi za watoto wake alisemewa na wengine. Akajifunga kanga upya, polepole, akasema bila kumwangalia mtu:

"Alikuwa na jina."

Watu wakamwangalia.

"Ameandika hana jina. Alikuwa nalo. Nilimpa pale pale kabla hajapoa. Nilimwita Asimwe. Sikumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyeniuliza."

Basi hapo nikashindwa. Sikukumbuka kwamba mimi ni maiti mtarajiwa, sikukumbuka sufuria wala wifi, nilisimama na kitenge kikaanguka na samaki wakaanguka, nikapiga kelele, "Dada, nisamehe, sikujua!"

Sitaki kuwasimulia sana kilichofuata. Yule mama mnene aliruka mkeka mzima kwa umri wake, Jeneroza alikimbilia kwenye shamba la maharage, katekista alijipiga ishara ya msalaba kwa mkono wenye daftari, na mtu mmoja kutoka Nkwenda aliwasha pikapu. Projestus tu ndiye ambaye hakukimbia. Alikuja, akanishika mkono juu ya kiwiko, akauminya kama anavyopima kuku, akasema, "Ni mzima. Ananuka samaki." Halafu akakaa chini kwenye udongo kama mtu aliyetua mzigo.

Ikanibidi nieleze. Nikaeleza semina, nikaeleza wakili, nikaeleza shahidi wa ukoo na neno la simu, na kila nilipofika kwenye *okuraga* watu walikuwa wanacheka hadi wanashika mbavu, hasa wale waliokuja kutoka mbali wamesimama nyuma ya pikapu. Wifi Jeneroza akarudi kutoka kwenye maharage, jani limemganda kichwani, akaniambia mbele ya wote, "Sufuria yako ile pale, na nyingine mbili nitakununulia, ili ukifa nikae mstari wa mbele bila wasiwasi." Nikamwomba radhi. Sikuwa na pa kujificha, nikamwomba hadharani, na vitenge viwili nikampa siku ile ile (alichagua vizuri kuliko vyote, na mimi nikatabasamu).

Dada peke yake ndiye hakucheka. Alinisubiri watu walipoanza kula, akanivuta kando ya jiko. Nikadhani atanigombeza kwa nauli, kwa aibu, kwa kumtoa mbio na mikungu minne ya ndizi.

"Hiyo nyumba," akasema. "Umeandika ijengwe ukifa."

"Ndiyo, Dada."

"Wewe goti tu ndilo linakuuma. Mama yetu alifika miaka tisini na moja."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wanawake waendelee kuzalia njiani wakikusubiri wewe ufe?"

Nilikuwa nimejiona mwema sana na daftari langu, na sikuwahi kujiuliza swali hilo dogo ambalo dada yangu, aliyeishia darasa la nne, aliliuliza akiwa ameshika sahani ya ndizi.

Jumatatu tulikwenda ofisi ya kijiji, mimi, Projestus na yeye, tukakikabidhi kile kipande tukiwa hai watatu, mibuni na mparachichi vyote. Vijana wetu walinuna wiki mbili, kisha mkubwa akaja mwenyewe na koleo siku ya kuchimba msingi. Nyumba ina vyumba viwili tu na bati bado halijapakwa rangi, lakini akina mama wanalala. Dada hutoka Nkwenda mara kwa mara kuja kufagia, ingawa hakuna aliyemtuma, na akifagia nasikia anawaambia wale wajawazito habari za Asimwe, kirahisi kabisa, kama mtu anayemtaja mtoto wake wa kwanza.

Wosia ninao mpya. Una ukurasa mmoja, Projestus ameusoma mara mbili, na hakuna wifi ndani yake. Na nimeapa, mbele yenu pia naapa, sitamwachia katekista tena maneno ya kumwambia dada yangu. Ninyi mnacheka hilo la simu na samaki, chekeni, ni haki yenu. Mimi linaloniaibisha mpaka leo ni kwamba jambo kubwa kuliko yote niliyotaka kumwambia Verdiana nilikuwa nimelipangia siku ambayo nisingekuwepo kuona uso wake.